Mafunzo Niliyopata Nikihamisha Seva kutoka x86 kwenda ARM

Nimeshiriki kuhamisha seva kutoka aina moja ya prosesa kwenda nyingine katika vipindi viwili vya kazi yangu. Cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kampuni ya simu iliyokuwa ikiachana na mashine za Sun zenye prosesa za SPARC na kuingia kwenye seva za x86 zinazoendesha Linux. Cha pili kinaendelea Nairobi, kwenye kampuni ya malipo ninakosimamia mifumo: tunatoka kwenye x86 ileile tuliyoikimbilia zamani na kwenda ARM. Kati ya vipindi hivyo kuna takriban miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo wengi wetu tuliamini suala hili limefungwa.

Kwa asiyeishi na mambo haya: prosesa inaelewa amri za lugha yake tu. Programu iliyokusanywa kwa lugha ya x86, yaani ile ya Intel Xeon na AMD EPYC, haiendi kwenye prosesa ya ARM mpaka ikusanywe upya, au pawepo programu ya kati ya kuitafsiria. Ndiyo maana kubadili chipu kunagusa kila kitu kilicho juu yake, na ndiyo maana kunachukua muda mrefu kuliko anavyotarajia yeyote anayetazama majedwali ya kasi peke yake. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Usanifu huchukua miaka mingi kuondoka baada ya kushindwa

Kwenye ile kampuni ya simu, uamuzi wa kuhama ulipitishwa katika kikao kimoja. Hesabu ilikuwa wazi. Seva ya x86 yenye prosesa mbili ilinunuliwa kwa sehemu ndogo ya bei ya mashine ya Sun, spea zake zilipatikana kwa urahisi, na Linux haikudai leseni. Tovuti, barua pepe na DNS zikahama bila shida. Mfumo wa kutoza bili ukabaki palepale kwenye SPARC, kwa sababu waliouuza hawakuwa na toleo la Linux wala haraka ya kulitengeneza. Nilipoondoka pale miaka kadhaa baadaye, mashine yake ilikuwa bado inanguruma kwenye kona ya chumba cha seva, na mkataba wake wa matengenezo ulikuwa ukilipiwa kila mwaka.

Wenye viwanda nao wamepitia hali hiyohiyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 1994 HP na Intel ziliungana kubuni usanifu mpya wa biti 64 ambao ungechukua nafasi ya prosesa zilizokuwepo. Itanium ya kwanza ikatoka mwaka 2001, na programu za zamani za x86 zilikwenda juu yake kwa kusuasua. Mwaka 2003 AMD ikaleta Opteron, ambayo iliongeza biti 64 juu ya x86 ileile. Mtu angeweza kununua mashine leo, akaendesha programu zake za biti 32 kwa kasi kamili, na akahamia biti 64 siku zitakapokuwa tayari. Intel yenyewe ikaufuata mpango huo wa mpinzani wake kwenye Xeon za mwaka 2004.

Kuanzia hapo mshindi alijulikana. Hata hivyo Intel iliendelea kusafirisha Itanium hadi Julai 2021, na kerneli ya Linux ikaiondoa kwenye toleo la 6.7, Januari 2024. Miaka hiyo yote kulikuwa na benki, viwanda na mashirika yaliyokuwa yakiendesha kazi za kweli juu ya prosesa ambayo hatima yake ilishaamuliwa.

Tangu nilipolielewa hilo, kila mpango wa kuhama ninaouandika una tarehe mbili badala ya moja. Ya kwanza ni siku ambayo kazi zote mpya zitaanzia kwenye usanifu mpya. Ya pili ni siku ya kuzima mashine ya mwisho ya zamani. Wakuu wangu hupenda kuiuliza ya pili. Mimi huilinda ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayozuia deni lisiendelee kukua.

2. Chipu bora bila mnunuzi mwenye subira haifiki mbali

ARM ilizaliwa nilipokuwa naanza shule. Chipu ya kwanza iliwashwa Aprili 1985 huko Cambridge, Uingereza, kwenye kampuni ya Acorn. Sophie Wilson ndiye aliyebuni amri zake na Steve Furber akaongoza usanifu wa chipu yenyewe. Ilitumia umeme kidogo mno, na sifa hiyo ndiyo iliyokuja kuiingiza kwenye simu za mkononi za dunia nzima.

Watu walipoona mafanikio yake kwenye simu, wakauliza: kwa nini isiingie kwenye seva, ambako bili ya umeme na ya kupooza mitambo ni mzigo mkubwa? Swali lilikuwa zuri, na majibu ya kwanza yalishindwa moja baada ya jingine. Calxeda ya Austin, Texas, ilianza mapema, lakini chipu zake zilikuwa za biti 32, na mwishoni mwa 2013 ikaishiwa fedha na kufunga. AMD ilitoa Opteron A1100 mwaka 2016, na haikupata soko la maana. Qualcomm, wenye uzoefu wa miaka mingi na ARM kwenye simu, walizindua Centriq 2400 yenye viini 48 Novemba 2017, kisha wakarudi nyuma mwaka uliofuata.

Nilipata kuijaribu seva moja ya ARM ya kipindi hicho. Kasi yake haikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa kuiwasha: ilihitaji kerneli yake maalumu kutoka kwa mtengenezaji, na diski ya kawaida ya kusakinisha Linux haikuijua kabisa. Kwenye x86 tumezoea kwamba diski moja inawasha mashine yoyote. Kwenye ARM kila bodi ilikuwa na desturi zake, mpaka ulipokuja mwongozo wa pamoja uitwao SBSA mwaka 2014 na watengenezaji wakaanza kuufuata taratibu. Kazi hiyo ya kuweka viwango haikuandikwa magazetini, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko nusu ya chipu zilizozinduliwa kwa mbwembwe miaka ile.

Aliyebadilisha hali ni Amazon. Mwaka 2015 iliinunua Annapurna Labs ya Israeli, na Novemba 2018 ikatangaza Graviton, chipu ya kawaida tu yenye viini 16. Mwaka uliofuata ikaitangaza Graviton2 yenye viini 64, na hapo ndipo watu wa kazi yangu walipoketi sawasawa. Amazon haikuhitaji kumshawishi mtu anunue bodi. Ilikuwa mnunuzi wa chipu zake yenyewe, ikaziweka kwenye vituo vyake, kisha ikazikodisha kwa saa.

Kwetu hapa jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Hakuna meneja Nairobi au Dar ambaye angekubali kuagiza seva isiyojulikana, aisubiri bandarini, ailipie ushuru, halafu agundue kwamba haifai. Kwa saa moja ya kukodi kwenye wingu, mhandisi aliweza kujaribu jambo ambalo zamani lingehitaji kikao cha bodi ya wakurugenzi, kwa gharama isiyofika bei ya kikombe cha chai. Baadaye wengine wakafuata: Alibaba na Yitian 710 mwaka 2021, Microsoft na Cobalt 100 mwaka 2023, Google na Axion mwaka 2024.

3. Kilichotusukuma kilikuwa dola

Wateja wetu wanalipa kwa shilingi. Wingu tunalilipia kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123 za Kenya. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepita 160. Mifumo yetu haikukua kwa kiasi hicho, ila bili ilikua. Mkuu wa fedha alikuja mezani kwangu na karatasi mkononi, akaniambia, “Bwana, sikuulizi ni mashine gani. Nieleze tu ni kipi tunaweza kuacha kulipia.”

Tofauti ya bei ilikuwa imeandikwa waziwazi. Kwenye kituo cha Amazon cha Virginia, mashine ya m5.large ya Intel ilikuwa senti 9.6 za dola kwa saa, na m6g.large ya Graviton2, yenye kumbukumbu ileile, ilikuwa senti 7.7. Hiyo ni takriban asilimia 20 kabla hujagusa kitu.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye orodha ya bei. Kwenye mashine za Intel za kundi hilo, “prosesa” moja unayokodishwa ni nusu ya kiini: viini vinagawanywa katika nyuzi mbili, na unalipia uzi. Kwenye Graviton unapata kiini kizima. Mashine ikiwa na kazi kidogo, huoni tofauti. Mwisho wa mwezi, watu wakipokea mishahara na malipo yakimiminika, nyuzi mbili za kiini kimoja huanza kugombania rasilimali na muda wa kujibu unaruka. Huko ndiko tulikoona faida kubwa. Ninamshauri yeyote anayelinganisha apime mashine zikiwa zimelemewa, kwa kazi yake mwenyewe, wala asitegemee vipimo vya wauzaji.

4. Kompyuta iliyo mezani kwa mwandishi wa programu ina sauti kubwa

Mwaka 2019 Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alitoa hoja iliyowaudhi mashabiki wa ARM. Alisema kwamba maadamu watu wanaandika na kujaribu programu zao kwenye kompyuta za x86, watataka seva za x86 pia, hata kama ARM ni nafuu kidogo, kwa kuwa kila mtu anataka mazingira ya kazi yafanane na mazingira ya majaribio. Alikumbusha kwamba hata x86 iliingia kwenye seva kwa njia hiyohiyo: ilikuwa kwanza kompyuta ya mezani.

Niliikubali hoja hiyo papo hapo, maana nilikuwa nimeiona Dar. Vijana tuliowaajiri mwaka 2002 hawakuwahi kuigusa mashine ya Sun kabla ya kuja kazini. Walikuwa wamejifunza Linux kwenye kompyuta kuukuu za nyumbani na kwenye vibanda vya intaneti. Walipoingia chumba cha seva walitafuta kile walichokijua, na walikuwa wengi kuliko sisi tuliozoea Solaris, mfumo endeshi wa Sun.

Novemba 2020 Apple ikatoa kompyuta zake za kwanza zenye chipu ya M1, ambayo ni ARM. Ndani ya miaka michache sehemu kubwa ya waandishi wetu wa programu walikuwa nazo, na shida ikageuka upande. Sasa kijana alijenga kontena kwenye kompyuta yake, ikafanya kazi vizuri, akaipeleka kwenye seva zetu za x86, na seva ikaikataa kwamba haielewi umbo la faili. Nilimsikia mmoja akimuuliza mwenzake, “Kaka, kwani bado tunatumia Intel?” Lilikuwa swali la kweli kutoka kwa mtu ambaye, kazini na nyumbani, hakuwa na sababu ya kuifikiria Intel.

Siku hiyo niliacha kuupigia kampeni mpango wa kuhama. Timu ilikuwa imeshahama kwenye meza zake. Kilichobaki ni seva kuwafuata. Sisemi kwamba M1 ndiyo iliyosababisha kila kitu. Kabla yake kulikuwa na Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012, ambayo iliwafanya maelfu ya watu wa kujitolea kwenye Debian, Ubuntu na kwingineko wakusanye na kurekebisha programu kwa ajili ya ARM. Tulipofika sisi na kuandika amri ya kusakinisha PostgreSQL au Nginx, vilikuja vyenyewe, kana kwamba vimekuwepo siku zote. Kuna watu walioikeshea kazi hiyo bila malipo, na ninawashukuru.

5. Kuhama kwenyewe kuko kwenye vitu vidogo usivyovikumbuka

Hili ndilo fundisho nililolipia kwa usingizi, na nitalikalia kidogo.

Huduma zetu nyingi zimeandikwa kwa Java na Go. Java iliipokea ARM ya biti 64 rasmi kwenye toleo la 9, na Go ilishaipokea tangu toleo la 1.5 la mwaka 2015. Huduma hizo zilihama kwa kubadilisha mstari mmoja kwenye faili la kujengea kontena. Mtu akiishia hapo ataandika ripoti kwamba kazi imekwisha.

Python ilikuwa ya pili kwa urahisi. Miaka ya mwanzo, kusakinisha maktaba kama NumPy kwenye ARM kulimaanisha kuikusanya upya kutoka kwenye msimbo wake, kazi ya dakika nyingi iliyokwama kila ilipokosa kifaa fulani. Kuanzia kiwango cha manylinux2014 maktaba zilizokwisha kukusanywa zikaanza kupatikana, kwanza kubwa, kisha ndogo. Dawa ya matatizo yetu mengi ilikuwa kupandisha toleo la maktaba ambalo tulipaswa kulipandisha hata kama tungebaki x86.

Baada ya hapo tukafika kwenye C na C++, na hapo mashine mbili zinaanza kuonyesha tabia zao.

Kwenye Linux ya x86, aina ya data iitwayo char hubeba namba hasi na chanya. Kwenye Linux ya ARM hubeba chanya tu. Sheria za lugha ya C zinaruhusu yote mawili. Tulikuwa na msimbo wa kusoma ujumbe wa miamala uliotumia −1 kama alama ya mwisho. Kwenye ARM, −1 ikawa 255 na mwisho haukufika.

Kugawanya namba kamili kwa sifuri: x86 inaisimamisha programu palepale. ARM inarudisha sifuri na kuendelea. Programu ya ripoti ambayo zamani ingeanguka kwa kelele sasa ilitoa jedwali safi lenye sifuri mahali pasipostahili. Kati ya tofauti zote, hii ndiyo ninayoihofia zaidi kwenye mifumo ya fedha, kwa sababu kosa linalonyamaza hufika kwa mteja.

Hesabu za desimali nazo hutofautiana. Kompaila ya GCC kwenye ARM huunganisha kuzidisha na kujumlisha katika amri moja inayokadiria mara moja tu, wakati kwenye x86 ya msingi amri hiyo haipo na makadirio hufanyika mara mbili. Majibu yanaachana kwenye tarakimu za mwisho kabisa. Pesa zenyewe tunazihesabu kwa namba kamili, hivyo hazikuguswa. Ila alama za hatari ya mkopo zilikuwa za desimali, na wateja wachache waliokaa juu kabisa ya mpaka wakajikuta upande wa pili. Tulikaa na watu wa mikopo tukaamua mpaka uandikwe kwa kukadiria waziwazi, kwa sababu uamuzi wa kumpa mtu mkopo hauwezi kutegemea mashine iliyompokea.

Kubwa kuliko yote ni mpangilio wa kumbukumbu. Prosesa za kisasa zina viini vingi vinavyosoma na kuandika kwenye kumbukumbu moja. x86 ina nidhamu kali: kiini kikiandika data kisha kikainua bendera ya “tayari”, kiini kingine kitaviona kwa utaratibu huohuo. ARM inajiruhusu kubadilisha utaratibu ili iende kasi, isipokuwa umeiagiza isifanye hivyo. Kiini cha pili kinaweza kuiona bendera kabla ya data, kama karani aliyegonga muhuri wa “imelipwa” wakati pesa bado ziko mkononi mwa mteja.

Tulikuwa na foleni ya ujumbe iliyoandikwa kwa C++ na timu ya zamani, ikitegemea neno volatile. Neno hilo linaizuia kompaila isipange upya, lakini haliizuii prosesa. Kwenye x86 foleni ilifanya kazi miaka yote bila doa. Kwenye ARM ilifanya kazi pia, karibu kila mara. Mara chache, mzigo ukiwa mkubwa, ujumbe ulisomwa ukiwa nusu. Hakuna jaribio letu hata moja lililoliona hilo. Lilionekana kwenye ukaguzi wa usuluhishi wa hesabu za usiku, ambao kwa bahati njema haumwamini mtu wala mashine. Kurekebisha kulichukua mistari michache: kutumia aina za atomiki zilizo rasmi kwenye lugha, zenye maagizo ya utaratibu. Kulitafuta ndiko kulikokula muda.

Ninataka vijana wa fani hii wanielewe hapa. ARM haikuharibu msimbo ule. Msimbo ulikuwa na kasoro tangu siku ulipoandikwa, na ukarimu wa x86 uliifunika. Kuhama kulitupa nafasi ya kuona tulichokuwa tunakiendesha hasa, na mifumo yetu ya x86 iliyobaki imekuwa salama zaidi kwa sababu hiyo.

6. Ziendeshe zote mbili kwa pamoja, na kanzidata iwe ya mwisho

Hatukuwa na usiku wa kuhama. Kila kontena tuliijenga kwa sura mbili chini ya jina moja, seva ikachagua inayoifaa. Kisha tukaweka mashine za ARM kando ya zile za x86 nyuma ya kigawa mzigo kimoja, tukazipa sehemu ndogo ya wateja, tukatazama, tukaongeza. Ikitokea dalili ya ajabu, tunarudisha wateja upande wa pili bila tangazo. Hali ya kuwa na aina mbili inachosha, kwa sababu kila jaribio linakwenda mara mbili, lakini ndiyo inayoruhusu kwenda polepole bila kusimama.

Kanzidata tuliiacha mwisho kwa makusudi. Unaweza kushawishika kunakili mafaili ya PostgreSQL kutoka x86 kwenda ARM kwa kuwa namba zake zimepangwa kwa mtindo uleule. Usifanye. Ile tofauti ya char niliyoitaja inajitokeza tena: faharasa za pg_trgm, kiendelezi cha PostgreSQL cha kutafuta maneno yanayofanana, zilipangwa kwa kutegemea jinsi mashine inavyoisoma char, na faharasa iliyojengwa upande mmoja ingeweza kukosa majibu upande wa pili. PostgreSQL ilikuja kulishughulikia jambo hilo kwenye toleo la 18, mwaka 2025, kwa kuhifadhi taarifa ya tabia hiyo ndani ya kanzidata yenyewe. Sisi tulitumia unakili wa kimantiki, uliopo tangu toleo la 10, ambao husafirisha mabadiliko ya safu badala ya mafaili na kuacha faharasa zijengwe upya kwenye mashine mpya. Ni njia ndefu zaidi. Nilimweleza hivyo mkuu wa fedha, naye hakubisha, kwani alikuwa ameshaona punguzo la miezi iliyotangulia.

7. Anayefuatwa naye anatembea

x86 haikukaa ikisubiri kupitwa. AMD ilirudi na EPYC mwaka 2017, na mwaka 2023 ikatoa Bergamo yenye viini 128, iliyobuniwa mahususi kwa kazi za wingu ambazo ARM ilizinyemelea. Intel ikafuata mwaka 2024 na Xeon za Sierra Forest zenye viini 144 vidogo. Oktoba mwaka huohuo kampuni hizo mbili, mahasimu wa miongo mingi, zikaunda kamati ya pamoja ya kuulinda usanifu wao.

Kwa hiyo tumeacha kazi kadhaa kwenye x86 bila kinyongo. Uchambuzi mmoja wa data unatumia maktaba iliyonolewa kwa amri za AVX-512 za x86, na huko ARM haikutupa faida. Nimewahi kukutana na wahandisi wanaoichukulia prosesa kama timu ya mpira. Mteja wangu anayetuma ada ya shule ya mtoto wake anataka ifike kabla ofisi ya mhasibu haijafungwa, na bei ya huduma isipande.

8. Sehemu ya mwisho ya safari iko kwenye zabuni

Desemba 2024 Amazon ilisema kwamba kwa miaka miwili mfululizo zaidi ya nusu ya uwezo mpya wa prosesa iliouongeza kwenye vituo vyake ulikuwa wa Graviton. Kwa kampuni kubwa kiasi hicho, mizani imeshaelemea. Kwetu bado kuna seva mbili za x86 ambazo siwezi kuzigusa. Zinaongea na kifaa cha usalama kinachotunza funguo za siri za miamala, na maktaba ya kuongea nacho inatolewa na muuzaji ikiwa imeshakusanywa, kwa x86 tu. Nimewaandikia, na wamejibu kwa upole kwamba wateja wa ARM bado ni wachache. Ni jibu lilelile nililolisikia Dar kuhusu mfumo wa bili na Linux.

Safari hii tulichukua hatua ambayo zamani hatukuichukua. Tumeandika kwenye masharti ya zabuni zetu kwamba programu yoyote tunayonunua ije na matoleo ya aina zote mbili za usanifu, au muuzaji aonyeshe kwa maandishi lini atakuwa nayo. Wanunuzi wengine wa ukanda huu nimewaomba waandike sharti hilohilo, kwa sababu muuzaji akilikuta kwenye zabuni ya kampuni moja ataliruka, akilikuta kwenye zabuni tano atamkabidhi mtu kazi.

Tumeanza pia kuzikusanya huduma zetu kwa ajili ya RISC-V, usanifu ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, ambao hauhitaji leseni ya kampuni yoyote. Debian imeuingiza rasmi kwenye toleo lake la 13, la Agosti 2025. Hatuna seva hata moja ya aina hiyo wala mpango wa kuinunua karibuni. Majaribio yanakwenda usiku, na orodha ya yanayoshindwa huwa tayari kwenye barua pepe ya timu asubuhi. Maktaba tatu bado hazijakubali kukusanywa, na moja kati ya hizo msimbo wake uko wazi. Dada mmoja wa timu yetu ameshaanza kuuandikia marekebisho.